Kamongo si mkunga, na okunga pia si mkunga: ukoo halisi wa samaki warefu tunaowavua

NyarDunga (mwanzisha uzi)

Wadau wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia na kokote mliko, salamu.

Kuna hoteli hapa mjini imeandika kwenye menyu yake kwamba inauza mkunga wa Ziwa Victoria. Nilipoomba kuonyeshwa, nikaletewa kamongo aliyekatwa vipande. Muda si mrefu kijana mmoja akaweka video ya okunga aliyenaswa na ndoano karibu na mawe, naye akamwita mkunga, na watu wakampongeza. Jambo hili linaniuma kwa sababu nimesomea zoolojia na samaki ndio kazi yangu ya kila siku. Samaki hawa watatu wako mbalimbali sana kiukoo. Ukiwaita jina moja, unafunika mambo mazito ambayo vinasaba vimetufunulia miaka ya karibuni kuhusu viumbe wa ziwa letu wenyewe.

Nianze na lile litakalowashangaza wengi: ndani ya Ziwa Victoria hakuna mkunga wa kweli. Mikunga wa kweli ni oda inayoitwa Anguilliformes. Ina spishi zaidi ya 900 na karibu zote ni za baharini. Jenasi iliyozoea kupanda mito ni Anguilla. Hawa huzaliwa baharini, wakapanda mtoni wakiwa wadogo, wakaishi huko miaka mingi, kisha wakikomaa hushuka tena baharini kutaga, na hawarudi. Kenya tunao, lakini wako mito inayoingia Bahari ya Hindi: Tana, na Athi ambao ukishuka unaitwa Galana, halafu Sabaki. Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja yote inamwaga ziwani, na maji ya ziwa yanatokea Jinja kuelekea Nile. Ni kweli mkunga wa Ulaya huingia Nile kule Misri, lakini kutoka huko mpaka Dunga kuna maporomoko mengi, kuna vinamasi vya Sudd, na mwisho kuna ukuta wa maporomoko ya Kabalega kule Uganda.

Sasa kamongo. Mchukue aliye mzima, bado ana utelezi, umlaze ubaoni. Mapezi yake ya ubavuni ni nyuzi nne laini, mbili nyuma ya kichwa na mbili kule karibu na mkia. Fungua mdomo kwa uangalifu (wavuvi mnajua kwa nini) utaona hana meno ya kawaida, ana sahani ngumu zenye makali, na hizo ndizo anazovunjia konokono. Mpasue, utakuta mapafu mawili marefu yamelala kando ya uti wa mgongo. Mapafu kamili, yenye vijumba vya hewa na mishipa ya damu. Kamongo mkubwa akizuiwa kupanda juu kuvuta hewa, anakufa majini.

Okunga ni habari nyingine kabisa. Mpitishie kidole mgongoni ukitokea kichwani kwenda mkiani na utachomwa: kuna safu ya miiba iliyosimama mmoja mmoja kabla pezi halijaanza. Puani ana kijimkonga kidogo kinachochezacheza. Huyo anaitwa Mastacembelus frenatus, na damu yake iko karibu na ngege (tilapia) na mbuta (sangara) kuliko na mkunga yeyote wa baharini.

Kwa hiyo mwili mrefu hauthibitishi undugu. Umetokea mara nyingi, katika koo mbalimbali, kwa sababu unasaidia kupenya kwenye matope, mawe na mizizi ya mafunjo. Hata yule anayeitwa mkunga wa umeme wa Amerika Kusini si mkunga. Ukoo wake uko jirani na wa kambare, yaani mumi wetu huyu.

Karibuni tujadiliane. Mwenye picha aweke.

JaKano

Dada, nimesoma mpaka mwisho na nakuheshimu, lakini kuna mahali hujafika. Mimi nimezaliwa Kano. Mafuriko yakija tunamshika kamongo mpaka shambani. Ana magamba, ana mkia, anataga mayai majini. Samaki ni samaki. Nasikia watu waliosoma wanasema kamongo ni ndugu ya binadamu kuliko alivyo ndugu ya ngege. Hilo unaliamini kweli?

NyarDunga

Ndugu JaKano, ndiyo, naliamini, na nitakueleza kwa nini.

Undugu hauhesabiwi kwa mahali mnapoishi wala kwa sura. Binamu yako aliyezaliwa Mombasa, anayeongea na kuvaa kama watu wa pwani, bado ni binamu yako kuliko jirani yako wa Kano mnayefanana sura. Kinachohesabiwa ni babu mnayemshiriki na umbali wa kizazi chake. Samaki wenye mifupa waligawanyika makundi mawili zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kundi moja lina mapezi yaliyotandazwa juu ya vijiti vyembamba, na humo ndimo walimo ngege, mbuta, omena (dagaa), mumi, okunga na mikunga wote. Kundi la pili lina mapezi yenye nyama na mfupa katikati. Humo ndimo walimo kamongo na silakanti, yule samaki wa kale aliyewahi kuvuliwa Malindi mwaka 2001. Na ndani ya kundi hilo la pili ndimo walimotokea wanyama wote wenye miguu minne: chura, mamba, kuku, ng'ombe, sisi.

Zamani watu walibishana kama ni silakanti au kamongo aliye karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu. Mwaka 2013 jenomu ya silakanti, yaani vinasaba vyake vyote kwa jumla, ilichapishwa. Wakalinganisha mamia ya jeni, na jibu likatoka upande wa kamongo.

Na jenomu ya kamongo yenyewe ni ajabu. Ya mkunga wa Ulaya ina takriban herufi bilioni 1, yaani vijenzi vidogo vinavyounda mkanda wa vinasaba. Ya binadamu ina bilioni 3. Ya kamongo wa Afrika Magharibi, Protopterus annectens, iliposomwa mwaka 2021 ilikutwa na takriban bilioni 40. Mwaka 2024 ikasomwa ya ndugu yao wa Amerika Kusini, ikafika bilioni 91. Wingi huo haumaanishi kwamba ana jeni nyingi kutuzidi. Sehemu kubwa ni vipande vya vinasaba vinavyojinakili na kujipachika tena na tena kwa mamilioni ya miaka, bila kufutwa. Kwa hiyo mtu akiniletea kipande cha nyama na kudai ni mkunga, hata kabla ya kusoma jeni moja, ukubwa wa kiini cha chembe chake chini ya hadubini utanionyesha kama ni kamongo.

Rift254

Nipo Nakuru. Huku kamongo anatoka Baringo, anauzwa mpaka kwenye vibanda vya barabarani, na kuna wateja wanaomtaka yeye tu. Swali langu: je, kwenye maziwa yetu ya Bonde la Ufa kuna mkunga wa kweli? Mzee mmoja aliniambia zamani walikuwepo.

NyarDunga

Kaka, hapana. Angalia maji ya Mau yanavyogawanyika. Njoro unaishia Ziwa Nakuru. Molo unaishia Baringo. Sondu na Mara inakuja kwetu Victoria. Ewaso Ng'iro ya kusini inaishia Natron. Hakuna hata mmoja unaofika Bahari ya Hindi, na mkunga bila njia ya kwenda baharini hawezi kuzaana. Kamongo wa Baringo naye si mwenyeji wa huko. Aliletwa na watu miaka ya 1970, akakubali mazingira. Huenda mzee alimwona kamongo huyo huyo.

Mwalimu_Mumias

Nafundisha biolojia sekondari na nashukuru kwa uzi huu. Naomba tuingie ndani kidogo. Umeshatuambia mkunga si nani. Sasa tuambie mkunga ni nani. Ndugu zake ni samaki gani, na vinasaba viliongeza nini ambacho waliochunguza mifupa hawakukijua?

NyarDunga

Mwalimu, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Niwie radhi, jibu litakuwa refu.

Ufunguo wa kwanza haukuwa vinasaba, ulikuwa mtoto wa samaki. Mwaka 1856 mtaalamu mmoja Mjerumani aitwaye Kaup alieleza samaki mdogo wa baharini, bapa kama jani, mwangavu hata mtu anaona mpaka upande wa pili, na akampa samaki huyo jina la kisayansi akidhani ni spishi ya peke yake. Jina la jenasi aliyowekwa ni Leptocephalus. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1896, Waitaliano wawili, Grassi na Calandruccio, wakaonyesha kwamba jani lile ni lava wa mkunga wa Ulaya. Kijana Sigmund Freud, kabla hajajulikana kwa mambo ya nafsi, alikuwa ameshapasua mikunga mamia kule Trieste mwaka 1876 akitafuta korodani zao, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua vizuri mikunga huzaanaje.

Sasa shika hapo. Lava bapa wa aina ile hapatikani kwa mikunga peke yao. Kuna samaki wa baharini aitwaye taponi, mkubwa, mwenye magamba ya fedha mapana na mkia uliogawanyika, hafanani na mkunga hata kidogo. Lava wake ni lile lile jani. Mwaka 1966 wataalamu wanne, Greenwood, Rosen, Weitzman na Myers, wakachapisha mpangilio mpya wa samaki wenye mifupa, wakawaweka mikunga, taponi na jamaa zao katika kundi moja: Elopomorpha. Na huyu Greenwood ni mtu wetu kwa namna fulani. Miaka ya 1950 alikuwa Jinja, akichunguza fulu, wale samaki wadogo wa jamii ya ngege, wa Ziwa Victoria mmoja baada ya mwingine, taya kwa taya, jino kwa jino. Yule yule aliyetufundisha kutofautisha fulu wanaofanana sana ndiye aliyesaidia kuwaunganisha mkunga na taponi wasiofanana kabisa. Kila nikifikiria hilo napata moyo wa kazi.

Vinasaba vilipokuja vikalithibitisha kundi hilo, kisha vikaongeza mambo ambayo mifupa isingeweza kuyasema. Nitakupa matatu.

La kwanza, jenasi Anguilla inatoka wapi. Ungetarajia mkunga wa mtoni awe na ndugu katika mikunga wa pwani, wale wa matumbawe. Mwaka 2010 Jun Inoue na wenzake walilinganisha vinasaba vya mitokondria vya spishi 56 kutoka familia zote za mikunga zilizokuwa zinajulikana. Mitokondria, mtambo wa nishati ndani ya chembe, ina mkanda wake mdogo wa vinasaba, herufi kama elfu 16 na mia kadhaa, na unarithiwa kutoka kwa mama, kwa hiyo unafaa kwa kufuatilia nasaba. Walichokuta ni kwamba Anguilla ameketi katikati ya mikunga wa bahari ya kina, wale wenye midomo mirefu kama sindano na wale wenye vinywa vikubwa vinavyomeza windo zima, wanaoishi gizani katikati ya maji. Yaani samaki anayekulia kwenye tope la mto ni mzaliwa wa bahari ya kina aliyejifunza kwenda kula mitoni. Ndiyo maana akikomaa lazima arudi. Anarudi kwao.

La pili, ndani ya Anguilla yenyewe nani alijitenga mapema. Uchunguzi wa mwaka 2005, ulioongozwa na Yuki Minegishi, ulisoma mkanda wote wa mitokondria wa kila spishi ya jenasi iliyokuwa inatambuliwa. Tawi lililotoka kwanza kwenye mti lilikuwa Anguilla mossambica. Huyo ni wa mito ya mashariki ya Afrika, kuanzia Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini, na Madagaska. Wote wengine, wa Ulaya, wa Japani, wa Australia, wamo kwenye tawi la pili. Mimi nikisikia mtu anazungumzia mkunga kama samaki wa Wazungu au wa Wajapani, nakumbuka hilo.

La tatu ndilo lililonifanya nifungue uzi. Kwa muda mrefu swali lilikuwa hili: katika samaki wote wa kisasa wenye mifupa, nani alitangulia kujitenga? Kuna vikundi vitatu. Kuna Elopomorpha, yaani mikunga na taponi. Kuna Osteoglossomorpha, samaki wenye ulimi wa mfupa. Halafu kuna wengine wote waliobaki, kuanzia omena na mumi hadi ngege. Wengine walisema mkunga ndiye wa kwanza, wengine walisema wale wa ulimi wa mfupa. Kusoma herufi za jeni pekee kulitoa majibu yanayopingana, kwa sababu ni matukio ya zamani mno na yalifuatana kwa haraka. Mwaka 2023 Elise Parey na wenzake wakalijibu kwa njia nyingine. Hawakuangalia herufi tu, waliangalia jinsi jeni zilivyopangwa kwenye kromosomu: zipi ziko pamoja, kromosomu zipi ziliungana, zipi zilivunjika. Mabadiliko kama hayo ni adimu na ni vigumu kutokea mara mbili kwa namna ile ile. Jibu lao: mikunga na wale wa ulimi wa mfupa ni kundi moja, na wengine wote ni kundi la pili.

Sasa mwalimu, jiulize. Katika Ziwa Victoria na mito inayoingia humo, wa ulimi wa mfupa ni nani? Ni suma. Mormyrus kannume, yule mwenye mdomo mrefu ulioinama kama mkonga wa ndovu, pamoja na jamaa zake wadogo akina obobo. Kwa hiyo mtu akiuliza ndugu wa karibu zaidi wa mkunga tulionao huku magharibi, asionyeshwe kamongo wala okunga. Aonyeshwe suma.

JaKano

Suma! Sikutegemea. Baba alikuwa anawaleta kutoka mdomo wa Nyando, siku hizi unaweza kukaa msimu mzima hujamwona. Huyu hana hata urefu wa nyoka.

NyarDunga

Ndiyo hivyo, ndugu yangu. Na suma ana lake la peke yake: anatoa umeme hafifu kutoka kwenye shina la mkia, na kwa huo anatambua njia na windo usiku kwenye maji machafu. Umeme wake na wa yule samaki wa Amerika Kusini ulitokea kila mmoja kivyake, kama mwili mrefu ulivyotokea kila mmoja kivyake. Kupungua kwake mitoni ni jambo la kuhuzunisha. Anapanda mto kutaga, kwa hiyo nyavu zikitegwa mdomoni mwa mto msimu wa mvua zinamkuta na mayai tumboni. Ningependa wavuvi wa mito walizungumze hili kwa uzito uleule wanaouzungumzia mbuta.

MtuWaMalindi

Nimeletwa na rafiki kwenye uzi huu. Mimi niko karibu na mdomo wa Sabaki. Mikunga wa mto huku tunawajua. Ukimshika, pezi la mgongo, la mkia na la chini yote yameungana kama utepe mmoja, hana mapezi ya tumbo, na magamba yako ndani ya ngozi huyaoni. Wengine wana madoadoa kama marumaru, wengine rangi moja tu. Wale wa kwenye matumbawe wana meno mabaya zaidi. Naomba kuuliza: wa mtoni na wa matumbawe ni ukoo mmoja? Na hawa wa Sabaki wanazaliwa wapi, maana hatujawahi kuona mayai.

NyarDunga

Karibu sana kaka, na maelezo yako ya mapezi ndiyo hasa niliyotaka watu wayasome. Wa madoadoa bila shaka ni Anguilla marmorata au Anguilla labiata. Wa rangi moja anaweza kuwa mossambica au bicolor, na hapo unatazama pezi la mgongo linaanzia wapi: la bicolor linaanza karibu sawa na pale pezi la chini linapoanza, la mossambica linaanza mbele zaidi.

Wa matumbawe ni mikunga wa kweli, oda moja na wa mtoni, lakini ni tawi lililoachana nao zamani. Wana jambo moja la ajabu: taya za pili kooni zinazorushwa mbele mpaka mdomoni kukamata windo na kulivuta. Rita Mehta na Peter Wainwright walilionyesha hilo mwaka 2007.

Mayai hamuoni kwa sababu hayatagwi pwani. Wanasayansi wanaamini mikunga wa mito yetu hutaga mbali, mashariki ya Madagaska, na lava wao wanasukumwa na mikondo mpaka pwani ya Afrika. Kwa mkunga wa Ulaya, Johannes Schmidt wa Denmaki alifuatilia lava wanaozidi kuwa wadogo mpaka Bahari ya Sargasso, akachapisha mwaka 1922. Kwa mkunga wa Japani, timu ya Katsumi Tsukamoto ilipata mayai yenyewe karibu na safu ya milima ya chini ya bahari ya Mariana mwaka 2009. Hayo yalikuwa mayai ya kwanza ya Anguilla kupatikana baharini.

Na hapa vinasaba vinasema kitu ambacho watu wa mito wanapaswa kukijua. Mkunga wa Ulaya aliyekulia Misri na aliyekulia Norwe si wa makabila mawili. Mwaka 2001 utafiti mmoja ulidai kuna tofauti zinazofuata umbali. Wengine wakarudia kwa sampuli za miaka tofauti, wakakuta tofauti za mwaka kwa mwaka zilikuwa zimeonekana kama tofauti za mahali. Wote wanakutana Sargasso, wanachanganyika, na mtoto anaenda popote mkondo utakapompeleka. Kwa hiyo mto mmoja ukizibwa kwa bwawa, hasara haiishii kwa watu wa mto huo.

Hata mkunga wa Ulaya na wa Amerika, ambao wana pingili za uti wa mgongo takriban 114 na 107, huzaana wakati mwingine, na machotara wao wamepatikana Aisilandi, katikati ya njia.

Muumini_Bungoma

Nasoma kimya kimya tangu juzi. Mimi naamini Mungu aliumba kila kitu kwa aina yake, na haya ya mamilioni ya miaka siyapokei. Lakini nauliza kwa nia njema: je, anayefikiri kama mimi anaweza kufaidika na uchunguzi huu wa vinasaba?

NyarDunga

Anaweza, na nashukuru umeuliza kwa upole. Kipimo kinachoonyesha kwamba nyama sokoni ni kamongo wala si mkunga hakikuulizi imani yako. Kipimo hicho hicho kinaweza kusaidia polisi bandarini kutambua watoto wa mkunga wa Ulaya wanaosafirishwa kimagendo, kwa sababu spishi hiyo iko hatarini kabisa kutoweka na biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa tangu 2009, na kwa macho watoto wa spishi mbalimbali karibu hawatofautiani. Kuhusu mti wa nasaba, mimi nausoma kama ushahidi wa undugu, na sitaficha hivyo. Wewe uangalie ushahidi wenyewe kwa utulivu wako.

Mwalimu_Mumias

Nimerudi. Wanafunzi wangu wamesisimka, hasa na habari ya suma. Mmoja ameniuliza: kama mkunga alijitenga mapema hivyo, ina maana ni samaki duni, hajaendelea? Na la pili: shule kama yetu inaweza kushiriki vipi? Tuna mto karibu, tuna samaki warefu wa aina kadhaa, hatuna maabara ya vinasaba.

NyarDunga

Mwalimu, mwambie huyo mwanafunzi kwamba tawi la kale si tawi lililosimama. Mkunga amekuwa akibadilika muda ule ule ambao ngege amekuwa akibadilika. Kilichopo ni kwamba ametunza baadhi ya vitu ambavyo wengine wamevipoteza. Zamani sana jenomu ya babu wa samaki hawa wote ilijirudufu, kila kitu kikawa mara mbili. Kuna jeni zinaitwa Hox, zinazopanga mwili wa kiinitete kutoka kichwani hadi mkiani. Baada ya kurudufika zikawa mafungu manane. Samaki wengi wa kisasa wamebaki na saba au pungufu. Jenomu ya mkunga wa Ulaya ilipochapishwa mwaka 2012, mafungu yote manane yalikuwapo. Kwa hiyo tukitaka kujua babu yule alikuwaje, mkunga ni shahidi mzuri. Na usidhani tumeshawajua wote: mwaka 2011 alitangazwa mkunga kutoka pango la chini ya bahari kule Palau, Protanguilla palau, wa ajabu kiasi kwamba alipewa familia yake mwenyewe.

Kuhusu shule. Msianze na mashine, anzeni na sampuli nzuri. Samaki akipatikana, mpigeni picha ubavuni akiwa mbichi, karibu na rula, mapezi yakiwa yametandazwa. Andikeni mto, tarehe na chombo alichovuliwa nacho. Kisha kwa mkasi uliosafishwa mkate kipande cha pezi kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, mkitie kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 95, na kichupa kiandikwe kwa penseli kwenye karatasi inayowekwa ndani, maana wino unayeyuka. Msitumie formalini kwa kipande hicho, inaharibu vinasaba. Safisheni mkasi kati ya samaki na samaki, la sivyo okunga atasomeka kama mumi.

Sampuli kama hiyo ikifika maabara yenye PCR, mashine ya kunakili vinasaba, wanasoma sehemu ya jeni moja ya mitokondria inayoitwa COI, herufi kama 650, na kuilinganisha na hazina za vinasaba zilizo wazi mtandaoni. Mfuatano huo mtaletewa kama faili la maandishi, na wanafunzi wenyewe wanaweza kuupanga na wa ngege, mumi, kamongo na mossambica kwa programu za bure, wakachora mti wao. Msitegemee jeni moja fupi iwaonyeshe undugu wa suma na mkunga, huo ni wa zamani mno kwa herufi 650. Lakini okunga atakaa upande wa ngege, na kamongo atakaa peke yake mbali. Mkikusanya, niandikieni ujumbe wa faragha, nitawasaidia kutafuta pa kupeleka. Mkipata suma, chukueni kipande cha pezi tu na mumrudishe mtoni akiwa hai.